Kemia si Kapu la Waliokosa Udaktari

Ipo kasumba moja iliyoota mizizi katika shule za sekondari na katika ofisi za elimu, nayo imezoeleka mno hata haionekani tena kuwa ni kasumba. Inasema kwamba mwanafunzi hodari wa sayansi husoma udaktari. Akikosa udaktari husoma ufamasia. Akikosa ufamasia hutazama maabara ya hospitali. Na akikosa yote hayo, basi, kwa kuwa hana pa kwenda, husukumwa katika shahada ya kemia. Hivyo ndivyo somo linalobeba migodi, viwanda, mbolea na maji ya kunywa linavyogeuzwa kapu la kukusanyia mabaki.

Kijana aliyeingia chuo kikuu kwa njia hiyo hawezi kuwa na mpango. Hakuichagua kemia, aliangukia humo. Atasoma anachopangiwa, atafanya mtihani anaopewa, na baada ya miaka mitatu atatoka na cheti ambacho yeye mwenyewe hajui ni cha kazi gani. Kisha watatokea wakubwa kusema kwamba vijana wa siku hizi hawana bidii.

Katika Mkoa wa Katavi kasumba hii ina gharama kubwa zaidi, na sababu si za kutafuta kwa tochi. Mji wa Mpanda ulikuzwa na kemia kabla haujawa na mwanakemia wake. Reli ya tawi kutoka Kaliua, yenye urefu wa kilomita 210, ilianza kazi mwaka 1950, nayo haikujengwa kwa sababu mkoloni aliwaonea huruma wananchi wa Mpanda wasafiri kwa raha. Ilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Katika miaka yote hiyo Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 13, wote wa sheria, na Kitivo cha Sayansi kilifuata mwaka 1965. Yaani risasi ilikuwa imekwisha kuchimbwa, kupakiwa na kusafirishwa kabla nchi haijawa na darasa la kumfundisha kijana wake jinsi ya kupima asilimia ya risasi katika jiwe.

Hilo lilikuwa kosa la ukoloni, na halina ubishi. Lakini ukoloni umeondoka zaidi ya miaka 60 iliyopita. Kwa dhahabu ya leo atalaumiwa nani?

Maana dhahabu ipo, na wachimbaji wadogo wa Katavi wanaichimba. Mawe husagwa kwa karasha, na zebaki humiminwa ili ikamate chembe za dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa, zebaki ikaruka na dhahabu ikabaki. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Huvutwa na mchomaji, huvutwa na aliyeketi karibu naye akisubiri malipo, na unapopoa hurudi ardhini na kushuka na mvua mpaka mtoni. Marudio ya mchanga huenda kwenye mitambo ya sianidi, na myeyusho wa sianidi usipowekewa chokaa ya kutosha kuulinda ualkali wake, hutoa gesi inayoua. Haya si mafumbo ya wenye mitambo. Ni somo la tindikali na alkali, lile lile linaloandikwa ubaoni kidato cha tatu, ila hapa kosa la hesabu halirudishwi na mwalimu likiwa na alama ya wino mwekundu.

Dunia ilikwisha kuonywa. Ugonjwa wa Minamata, uliotokana na zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda huko Japani, ulitambuliwa mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa unaobeba jina la mji huo ulipitishwa mwaka 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Ni jambo jema. Hata hivyo mkataba haupimi zebaki katika mto wala katika samaki. Kazi hiyo inataka mtu aliyefundishwa kuchukua sampuli bila kuichafua, kuiyeyusha, kuipitisha katika mashine na, hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kuamua kama namba iliyotokea ni ya kweli au ni ya uongo.

Asali nayo ina mambo yake. Ya Inyonga inasifiwa, lakini sifa haivuki mpaka. Viwango vya kimataifa vya chakula vinataka unyevu wa asali usizidi asilimia 20, na kemikali inayoongezeka asali inapopashwa moto au kukaa muda mrefu isizidi miligramu 80 kwa kilo kwa asali ya nchi za joto. Mfugaji nyuki hawezi kulijua hilo kwa kuonja kwa kidole.

Basi kazi ipo. Kinachokosekana ni mpango, na mpango wa shahada ya kemia hauanzi siku kijana anaposhuka katika basi Dar es Salaam au Dodoma akiwa na sanduku lake. Unaanza pale mwalimu anapomsaidia kujaza Selform. Mwanafunzi wa kemia anaweza kutokea PCM, PCB au CBG. Katika PCM anasoma hisabati kwa ukamilifu. Katika PCB na CBG anapewa hisabati ile ndogo, BAM, na hapa walimu wengi hufanya dhambi ambayo hawaiungami: humwambia mwanafunzi kwamba BAM haihesabiki katika pointi, aiachie ijipitie yenyewe. Ni kweli kwamba sifa ya chini ya kuingia chuo kikuu hutazama masomo mawili makuu yenye jumla isiyopungua pointi 4. Ni kweli pia kwamba kemia ya kifizikia, yenye thamodinamiki yake na kasi za mmenyuko wake, haina habari na pointi hizo. Inataka kalkulasi. Kijana aliyeaminishwa kwamba BAM ni mzigo wa bure hufika mwaka wa kwanza akakuta kila ukurasa umejaa alama ambazo hakufundishwa kuziheshimu. Akianguka hapo, somo la mwaka wa pili linalosimama juu ya hilo humfungia mlango, na ratiba nzima ya miaka mitatu huyumba. Chuo humhesabu kuwa dhaifu. Lakini udhaifu huo ulipandwa kidato cha tano na mtu mzima mwenye mshahara.

Maabara nayo ni hadithi hiyo hiyo. Kati ya mwaka 2012 na 2015 wananchi walichangishwa nchi nzima ili kila sekondari ya kata iwe na maabara. Walitoa fedha, mawe na mchanga. Ikiwa katika majengo hayo bureti hutolewa kabatini wiki chache tu kabla ya mtihani wa vitendo, kisha ikarudishwa na kufungiwa, wananchi wamedhulumiwa.

Linakuja suala la maombi. Matokeo ya kidato cha sita hutoka katikati ya mwaka, mara nyingi vijana wengine wakiwa bado kambini JKT, na dirisha la maombi hufunguliwa kwa wiki chache. Tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja chuoni. Kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu kinaeleza sifa za kila programu, lakini ni wangapi hukifungua kabla ya kulipa ada ya maombi? Kijana asiyesaidiwa haoni tofauti kati ya shahada ya sayansi katika kemia na shahada ya sayansi pamoja na elimu, ambayo humfanya mwalimu. Tofauti hiyo ataigundua baadaye, atakapotaka kufundisha na kuambiwa kwamba shahada yake tupu haimtoshi mpaka aongeze stashahada ya uzamili ya elimu. Kufundisha kemia ni kazi ya heshima, na Katavi inawahitaji walimu hao sana. Lakini mtu aende darasani kwa kuamua, asiende kwa kupotea njia.

Shahada yenyewe ina krediti zisizopungua 360, yaani 120 kila mwaka, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Ni saa 3,600 za maisha ya kijana. Sehemu kubwa ni za lazima na hakuna wa kuzibadili. Lakini zipo za hiari, yapo majuma ya mafunzo kwa vitendo wakati wa likizo, na upo utafiti wa mwaka wa mwisho. Hapo ndipo penye mpango. Kijana wa Mpanda anayejua anakokwenda atachukua takwimu mapema, atatia mkazo katika kemia changanuzi, atasoma jiolojia ikiwa ratiba inamruhusu, na utafiti wake utakuwa juu ya marudio ya dhahabu au juu ya asali, si mada iliyokwisha kufanywa na waliotangulia na ikabadilishwa jina la wilaya. Asiyejua atachagua somo la hiari linalosifika kwa kutoa alama nyingi. Vyuo navyo visijifiche. Mshauri wa masomo anayetia saini fomu ya usajili bila kuinua macho hajamshauri mtu.

Wapo watakaosema kwamba kemia haina ajira. Hoja hii ni nusu ya ukweli. Sheria ya mwaka 2016 iliwatambua wanakemia kuwa wanataaluma wenye baraza lao, na maabara za Mkemia Mkuu wa Serikali, za viwango, za maji na za migodi haziwezi kufanya kazi bila wao. Ni kweli kwamba nafasi za serikali hazitoshi. Lakini mwenye cheti asiyeweza kuisahihisha mashine ya kupimia hana nafasi popote, hata nafasi zingekuwa elfu.

Wengine watasema Mpanda ni mbali. Mbali na nini? Kwa miaka mingi mtumishi aliyepangiwa huko alijiona ameadhibiwa, akaanza kuandika barua ya uhamisho kabla hajafungua mizigo, na wanafunzi waliona. Mkoa wa Katavi umekuwapo tangu mwaka 2012, na Chuo Kikuu cha Sokoine kina kampasi yake Mpimbwe, iliyopewa jina la Mizengo Pinda. Kampasi hiyo ni ya kilimo, wala hakuna anayedai igeuzwe kuwa ya kemia kesho. Lakini udongo hupimwa, na viuatilifu hupimwa. Mwanafunzi wa kemia mzaliwa wa Usevya anayetafuta mahali pa mafunzo wakati wa likizo angepaswa kupata barua ya kumpokea nyumbani kwao, badala ya kuzunguka ofisi za Dar es Salaam akiomba kukaa katika chumba ambacho hataruhusiwa kugusa chochote.

Maofisa elimu wa halmashauri za Katavi wanaweza kuanza na jambo dogo lisilohitaji bajeti: kuuliza kila sekondari yenye kidato cha tano na cha sita ni vipindi vingapi vya BAM vilivyofundishwa kweli mwaka huu, na kudai jibu lililoandikwa na mwalimu wa somo. Vilevile waulize ni nani aliyeketi na wanafunzi wa kidato cha nne, Karema na Mwese, walipokuwa wakijaza Selform, na aliwaambia nini kuhusu kemia.