Sammy Davis kaingiaje hapo?

Jumamosi iliyopita shemeji yenu kaweka Goodfellas, ile filamu ya majambazi ya Martin Scorsese ya mwaka 1990. Nami nikajikunja kwenye kochi na bakuli langu la bisi. Kama unaishi na mtu anayesimamisha filamu kila dakika tano ili ahakiki kitu, unayajua mateso yangu.

Filamu inamhusu Henry Hill, jambazi wa kweli wa New York. Kuna usiku yeye na swahiba wake Tommy wako klabu ya Copacabana na nyumba ndogo zao, maana Ijumaa ni ya vimada, Jumamosi ya wake. Msichana wa Tommy anasema anaelewa jinsi msichana wa kizungu anavyoweza kumpenda Sammy Davis Jr., mwimbaji mweusi, kama yule Mswidi. Tommy anabadilika sura. Anambana, halafu anatupa utani mchungu kwamba hataki siku moja ajikute anambusu Nat King Cole.

Shemeji yenu kasimamisha. "Kosa hilo! Hapa tumeshafika 1970. Nat King Cole alifariki Februari 1965. Na huyo Mswidi, May Britt, alishaachana na Sammy mwaka 1968!"

Tarehe zake sahihi kabisa. Ila kosa silioni, jamani.

Sammy na May walioana Novemba 1960, wakati majimbo mengi ya Marekani yalikuwa bado yanakataza mweusi na mweupe kuoana. Mahakama ya Juu ilikuja kuzifuta sheria hizo Juni 1967. Ndoa yenye kelele kiasi hicho haitoki midomoni mwa watu eti kwa sababu talaka imeshatoka. Na marehemu, nani kasema hatajwi kwenye utani? Sisi wenyewe tunawataja kila siku.

Kama ni kuhakiki, angeanzia kwingine. Pale Henry anapompeleka Karen Copacabana kwa mara ya kwanza, miaka ya 60, mchekeshaji jukwaani ni Henny Youngman mwenyewe, mzaliwa wa 1906. Wakati wa kupiga filamu alikuwa ameshapita miaka 80! Bobby Vinton yeye kaigizwa na mwanawe, Robbie, ndiyo maana kaonekana kijana. Shemeji yenu yote hayo yalimpita.

Kilichonishika mimi ni yule msichana. Alisema neno moja la kumsifia msanii, mara anajitetea: siyo mimi, nasema wengine. Tommy hakuwa anazungumzia muziki. Alikuwa anampima, na kumwonya. Ubaguzi na wivu vimekaa kiti kimoja, na jina la staa ndilo lililovifunua.

Kwa hiyo ukiangalia filamu ya zamani, usiishie kuuliza kama staa alikuwa hai mwaka ule. Uliza nani kamtaja, mbele ya nani, na aliyekaa pembeni kanywea au kacheka. Na sebuleni kwako sikiliza hivyo hivyo. Mwenzio akikuuliza, "Hivi yule mwimbaji unamwonaje?", je, unajibu kwa raha, au unaanza kupima maneno?

Nilimuuliza shemeji yenu swali hilo hilo. Alifikiri kidogo, akaniwekea mkono begani, akaachia filamu iendelee. Haikusimama tena hadi mwisho.

Tukutane mwezi ujao!