Kazi ya lori la mafuta Turkana: Uliza siku, usiulize tripu

Wiki jana binamu yangu alinipigia saa nne usiku akiwa na furaha. Ana leseni ya CE, amekuwa tanboi miaka mitatu, na kuna broka amemwambia kazi za kusomba mafuta kutoka Lokichar zinarudi. "Elfu kumi na tano kwa tripu, bro. Tripu saba kwa mwezi ni laki na kitu!" Mimi niliacha chuo kwa sababu ya karo, kwa hivyo siwezi kumcheka mtu anayetafuta pesa. Lakini nilimwambia tupige hesabu pamoja.

Kwanza, broka hajatunga hadithi yote. Malori ya kwanza ya mafuta ghafi yaliondoka Turkana Juni 3, 2018, Rais Uhuru Kenyatta akiyapungia bendera. Agosti 2019 meli ya kwanza iliondoka Mombasa na zaidi ya mapipa 200,000. Baadaye Tullow iliuza mali yake hapa nchini kwa Gulf Energy, dili iliyofikiwa mwaka 2025. Mpango mpya, kwa awamu ya kwanza, unalenga mapipa 20,000 kwa siku. Wakati wa majaribio kiwango kilifika mapipa 2,000 hivi. Mara kumi! Hapo madereva watahitajika, hilo halina ubishi.

Sasa tuje kwa barabara. Lokichar hadi Mombasa, ukipitia Kainuk, Kitale, Eldoret, Nakuru na Nairobi, ni zaidi ya kilomita 1,000. Sheria ya Trafiki inasema dereva wa gari la biashara asizidishe saa nane za kuendesha ndani ya saa 24. Tuseme lori lililojaa linafanya wastani wa kilomita 50 kwa saa, ukihesabu milima, mizani na foleni. Hizo ni kilomita 400 kwa siku. Kwenda ni siku tatu, kurudi tatu. Ongeza siku mbili za kungoja kujaza na kumwaga mzigo. Tripu moja imekula siku nane.

Kwa hivyo tripu saba kwa mwezi haziwezekani bila kuvunja sheria na kusinzia kwenye usukani. Kihalali ni tripu tatu, yaani 45,000. Uko nje siku 24, na chakula, chai, maji na bafu ya kulipia vikikutoa 800 kwa siku, hiyo ni 19,200. Unabaki na 25,800, na hujalipa nyumba Githurai wala hujamtumia mama kitu. Jamaa yetu anayeendesha kanta hapa Industrial Area anapata 28,000 na analala kwake kila siku.

Na hiyo 25,800 umeilipia na mwili. Lokichar ni joto kali. Mafuta yenyewe yana nta, yakipoa yanaganda, ndiyo maana husafirishwa yakiwa moto ndani ya matangi maalum. Wewe unalala kwenye kabini mbele ya hilo tangi. Upande wa Kainuk, majambazi wamesumbua wasafiri miaka na mikaka.

Kuna jambo lingine ambalo broka hasemi. Wiki chache tu baada ya ule uzinduzi wa 2018, wakazi walizuia malori wakilalamikia usalama, pamoja na kazi na zabuni kwenda kwa watu wa nje. Usafiri ulisimama karibu miezi miwili. Sisi wa Nairobi tusione kama walikuwa wakorofi. Mafuta yanatoka kwao, na kijana wa Lokichar mwenye leseni ana haki ya kuuliza mbona kiti cha dereva kimepewa binamu yangu. Lakini kwa dereva swali ni moja: ukilipwa kwa tripu, miezi hiyo miwili unakula nini?

Simaanishi kazi ni mbaya. Kazi hiyo hiyo ikiwa na mshahara wa msingi wa mwezi, posho ya kila siku ukiwa barabarani na siku za kungoja zikihesabiwa kama kazi, inaweza kuinua familia. Tofauti iko kwa karatasi. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa haki ya mkataba ulioandikwa, na inamtaka mwajiri akupe makao yanayofaa au pesa za nyumba. Sheria ya fidia ya majeraha kazini, WIBA, inamtaka awe na bima. Kwa hivyo uliza: Lori likisimama nalipwa? Nikiumia Kainuk nani analipa hospitali? Tairi likipasuka linakatwa kwangu? Nikimaliza safari napumzika siku ngapi?

Na usichukue mkopo wa miaka mitano ukitegemea kazi hii. Majaribio yalianza 2018, na kufikia katikati ya 2020 malori yalikuwa yamesimama. Bomba la kwenda Lamu nalo limekuwa kwenye mipango miaka mingi; siku likijengwa, mafuta hayatahitaji dereva.

Binamu alinyamaza, kisha akasema atamwomba broka nakala ya mkataba kabla ya kutoa ile elfu tano ya "kushikilia nafasi". Mpaka leo broka hajashika simu.