Pipa Likifunguka, Nani Alipe?



Nataka kusema juu ya mafundi seremala wa karakana moja ya hapa Kanyakine, ambao mwisho wa mwezi uliopita walikatwa mishahara kwa sababu vipipa walivyovitengeneza vilifunguka. Mimi ni mmoja wao, kwa hiyo sisemi ya kusikia.

Tajiri alipata oda ya vipipa vidogo vya kuwekea sigara zile nene za majani matupu ya tumbaku, ambazo wageni huvuta baada ya chakula. Sigara hizo zataka hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70 hivi. Hewa ikikauka mno jani linavunjika, na unyevu ukizidi ukungu unaota. Mwenye oda alikataa mutarakwa, maana harufu yake kali ingeingia katika tumbaku, na hapo alisema kweli. Tukapewa mbao za grevilea kutoka mashamba ya jirani, zilizopasuliwa wiki tatu tu.

Wasiojua kazi hii husema pipa ni pipa. Sivyo. Kipipa cha mbavu 12 chataka kila ubavu urandwe kwa nyuzi 15 kila upande, ndipo duara lifunge bila mwanga kupenya. Kisha huvishwa pete za chuma. Sasa, pipa la maji husamehe: ubao hunywa maji, huvimba, na nafasi ndogo hujifunga zenyewe. Kipipa cha sigara hakitiwi maji. Ubao mbichi ukikauka hupungua upana, pete zinalegea, na mbavu zinaachana. Kwa hiyo chombo cha kitu kikavu ndicho kitakacho mbao kavu zaidi. Desturi ya mafundi ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, mbao zikipangwa kivulini na vijiti kati yake ili upepo upite. Mbao zetu za nusu inchi zilihitaji miezi sita.

Mzee wetu wa meza ya kwanza alimwambia tajiri, "Bwana, mbao hizi bado zina maji." Akajibiwa kwamba fundi hulipwa kwa kipande kilichokwisha, halipwi kwa kungoja.

Hapo ndipo penye ubishi wangu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 18, yasema mwenye kulipwa kwa kipande alipwe mwisho wa mwezi kwa kadiri ya kazi aliyoifanya, au kazi ikiisha, lolote litangulialo. Je, kupanga mbao, kuzigeuza, kuzitazama zisipinde, si kazi? Na kifungu cha 19 chamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali yake iliyoharibika kwa makusudi ya mfanyakazi. Makusudi! Fundi aliyeonya kabla ya kushika randa ameharibu kwa makusudi gani?

Lakini nasi tusijitakase. Wako kati yetu waliofurahia mbao mbichi kwa kuwa zarandika upesi, na vipande vingi ni shilingi nyingi. Mimi mwenyewe niliona maji yakitoka chini ya randa, nikanyamaza siku mbili. Mzee alisema peke yake, na mtu mmoja ni rahisi kumjibu.

Naomba chama kidai mambo mawili: fedha zilizokatwa zirudishwe, na siku za kukausha mbao ziandikwe katika mapatano yetu kwa malipo ya kutwa. Naomba pia mafundi wote wa karakana ile waje mkutanoni Jumapili, hata wale wasiokatwa. Mbao za oda ya pili zililetwa jana. Nimezishika kwa mkono, bado ni baridi.

Fundi wa randa