Tusiisingizie Mvua

Kila msimu wa mvua ukifika, wakuu wa jimbo huko Kindu hutoa maelezo yale yale kuhusu kusini mwa Maniema: mvua imekata barabara. Malori yamenasa, chumvi na sabuni zimepanda bei Kasongo, mchele wa Kabambare umelala nyumbani kwa mkulima, na sisi tuwe na subira kwa sababu mvua ni kazi ya Mungu. Gazeti hili linakataa maelezo hayo. Mvua ilinyesha kabla ya Maniema kuwa jimbo mwaka 1988, na itanyesha viongozi wa leo wakishakwenda zao. Barabara ya Kasongo na Kabambare inakatwa na madai yasiyoandikwa, mikataba isiyoonyeshwa, na sheria ambazo watu walioapa kuzitumikia hawajawahi kuzifungua.

Anayeona tunazungumza nadharia akasimame kwenye daraja lolote la magogo katika njia hiyo. Gogo moja limeoza, la pili limeteleza upande wa maji. Kando wamekaa vijana wa kijiji na mbao mbili. Mwenye pikipiki akifika analipa kwanza, ndipo mbao zilazwe, akishapita, zinaondolewa. Mwenye kinga, yaani baiskeli, aliyebeba mawese anashusha madumu, anavusha chuma chake, kisha anarudi kufuata mzigo, dumu moja moja. Mbele kidogo anakuta bariyeri: mti uliokingamishwa, kamba, na mtu mwenye daftari. Analipa tena. Risiti anayopewa ni kipande cha karatasi chenye muhuri usiosomeka, hakina namba wala jina la kodi iliyolipwa. Vijana wa mbao tunawaelewa. Wao angalau wameleta mbao.

Kisingizio cha pili baada ya mvua ni ukosefu wa pesa, na hapo serikali kuu ina kesi ya kujibu. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, ibara ya 175, inayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, na inaagiza fungu hilo likatwe pale pale mapato yanapokusanywa. Halitakiwi kupanda Kinshasa kwanza likasubiri huruma ya mtu. Lakini utaratibu huo haujatekelezwa hadi leo. Pesa zote hupanda, na zinazoshuka kwa jina la retrosesyo hushuka pungufu, tena kwa kuchelewa. Ibara ya 181 ikaongeza Hazina ya Taifa ya Usawazishaji, inayopaswa kupata asilimia 10 ya mapato ya taifa kwa ajili ya miradi ya umma, ili majimbo yaliyoachwa nyuma yasogee mbele. Tungeshukuru kuonyeshwa daraja moja kusini mwa Maniema lililotokana na hazina hiyo.

Hata hivyo Kindu isifikiri imesalimika. Ibara ya 161 ya Katiba hiyo hiyo inamtaja gavana wa jimbo na mwenyekiti wa bunge la jimbo miongoni mwa wanaoweza kwenda Mahakama ya Katiba kuomba tafsiri ya Katiba, na inaipa mahakama hiyo mamlaka ya kuamua migogoro ya madaraka kati ya Taifa na majimbo. Maana yake viongozi wetu wana mlango wao wenyewe, umeandikwa kwa cheo chao, na hawahitaji kumlamba mtu miguu Kinshasa ili waupite. Badala yake tumezoea ujumbe unaopanda ndege na barua ya kuomba, yenye aya tatu za heshima na taadhima na sentensi moja ya barabara. Barua ya namna hiyo haimbani mtu yeyote. Anayedai haki huandika ibara, kiasi, mwaka wa bajeti na tarehe ya mwisho ya kujibiwa, kisha huweka nakala kwa wakili.

Wenzetu wa Kenya wana ila zao nyingi, lakini mwaka 2024 magavana wa kaunti walipogombana na Bunge la Taifa juu ya ushuru wa matengenezo ya barabara, kila upande ulijua namba inayogombewa: shilingi bilioni 10.5. Ugomvi ulikuwa mkali na ukaishia mbele ya majaji. Huko Marekani nako, sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956 ilipoahidi kwamba serikali ya shirikisho italipa asilimia 90 ya gharama, kila jimbo lilitakiwa kufanya kazi kwa masharti, kisha kupeleka hesabu ili lirudishiwe. Kongo si shirikisho, na hatusemi iwe. Lakini hapa kwetu, mwananchi wa Wamaza akiuliza jimbo linaidai Kinshasa kiasi gani kwa ajili ya barabara yake, nani atamjibu kwa tarakimu?

Hata pale pesa zilipo, tunabisha mlango usiohusika. Mfuko wa Taifa wa Matengenezo ya Barabara, FONER, uliundwa kwa sheria ya tarehe 7 Julai 2008. Unalishwa hasa na tozo juu ya mafuta ya magari, pamoja na peyaji. Kwa hiyo mwendesha pikipiki wa Kasongo anayenunua petroli kwenye chupa kando ya soko, ikiwa petroli hiyo iliingia nchini kihalali, ameshailipia barabara yake kabla ya kuwasha mashine. Lakini mfuko huo, kama jina lake linavyosema, ni wa kutengeneza barabara iliyopo: kufyeka kando, kuzibua mifereji, kujaza mashimo, kuwalipa kantonye. Anayeuandikia kuuomba ujenge daraja jipya la chuma amejiandikia mwenyewe jibu la hapana. Kinachotakiwa ni barabara kuingizwa katika programu ya matengenezo ya mwaka, kwa kilomita zilizopimwa na kazi zilizokadiriwa, halafu kufuatilia kama Office des Routes imepata pesa na imezifanyia nini.

Tena kuna swali ambalo kila ofisi inalikwepa: barabara hii ni ya nani? Ibara ya 202 ya Katiba inaziweka mikononi mwa serikali kuu barabara zinazounganisha jimbo na jimbo. Ndivyo ilivyo barabara ya taifa namba 2, itokayo Mbuji-Mayi kupitia Kasongo kuelekea Bukavu na Goma. Ibara ya 204 inalipatia jimbo kazi na zabuni za umma zenye maslahi ya jimbo. Vijia vya mashambani vina taasisi yake chini ya wizara ya maendeleo vijijini. Na teritware, ambayo ndiyo wananchi huikimbilia, haina bajeti yake: Katiba inatambua mji, komini, sekta na sheferi kuwa ndizo zenye nafsi ya kisheria, wala teritware haimo. Msimamizi wa teritware ni mkono wa serikali kuu. Ukimlilia yeye kwa daraja, atakusikiliza kwa adabu na atakuandikia ripoti. Mwenye uwezo wa kutenga pesa na kutia saini ni chifu wa sekta, na huyo ndiye asiyeulizwa kitu.

Kabambare ndiko suala hili linapochoma zaidi, kwa sababu kuna dhahabu. Mgodi wa Namoya, karibu na Salamabila, ulitangazwa na kampuni ya Banro ya Kanada kuwa umeanza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016. Miaka mitatu baadaye, 2019, kampuni ikasimamisha kazi kwa sababu ya usalama. Katikati ya hapo, Machi 2018, Kanuni ya Madini ilirekebishwa, na tangu hapo mrabaha wa madini unagawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta au sheferi yenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo, mwenye mgodi anatakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Hatujali mgodi uko mkononi mwa nani leo. Kila faranga iliyolipwa kwa jimbo na kwa sekta tangu 2018 ina haki ya kuonekana, na isiyolipwa ina haki ya kudaiwa. Dhahabu ya wachimbaji wadogo inapita kando ya hesabu hii. Hiyo hulipa kwenye bariyeri, na bariyeri haijengi daraja.

Kuhusu hizo bariyeri hatuna subira. Amri-sheria namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018 inaorodhesha kodi, haki na tozo ambazo jimbo na sekta zinaruhusiwa kukusanya. Isiyomo katika orodha hiyo haina msingi, hata ikusanywe na mtu aliyevaa sare. Karne ya 19, misafara ya pembe na ya watumwa ilipopita njia ya Kabambare kwenda kwa Tippu Tip Kasongo na mbele hadi Nyangwe, wenye nchi katika njia ndefu ya kutoka pwani walidai hongo na kila mfanyabiashara aliingiza hongo katika hesabu zake. Ule ulikuwa utaratibu wa nchi isiyo na sheria moja. Nchi yenye Katiba na magazeti rasmi haina udhuru wa kumrudisha mwenye kinga huko. Kila bariyeri iliyo kati ya Kasongo na Kabambare ionyeshe kifungu chake, au ing'olewe.

Tuje kwenye mikataba, mahali uozo unapojificha vizuri zaidi. Sheria namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010 inafanya zabuni ya wazi kuwa kanuni, na mkataba wa kupeana mkono kwa mkono kuwa jambo la nadra linalohitaji kibali maalumu. Kila taasisi inayotoa kazi inatakiwa kuwa na kitengo cha miradi na zabuni, na mpango wa zabuni wa mwaka. Mkandarasi aliyeonewa analalamika kwa aliyetoa kazi, kisha kwa mamlaka ya udhibiti, ARMP. Sheria hii ina zaidi ya miaka kumi na mitano sasa. Bado barabara zetu huzinduliwa kwa utepe na hotuba, na baada ya shangwe hakuna anayeweza kusema mkataba ni wa kiasi gani, utakwisha lini, na msimamizi wa kazi ni nani. Mwaka 2020, kesi za programu ya rais ya siku 100 ziliwafikisha kizimbani wakuu wa mashirika ya barabara ya taifa. Tungetarajia kila mtia saini Maniema ajifunze kitu pale.

Na mtu asidhani kuwa masharti ya wafadhili ni urembo wa wazungu. Novemba 2017, Benki ya Dunia ilisimamisha malipo ya kazi za ujenzi katika mradi wa PRO-ROUTES, baada ya malalamiko kuhusu barabara ya Bukavu na Goma, ambayo ni sehemu ya barabara ile ile ya taifa namba 2. Wanawake na wasichana walikuwa wamedhulumiwa kingono na wafanyakazi wa ujenzi, na usimamizi ulikuwa umelala. Miezi ikapita kabla ya kazi kuruhusiwa kuendelea. Waathirika waliumia kwanza, kisha wasafiri wote wakalipa. Jimbo linalotaka barabara yake ifadhiliwe lianze sasa kuandaa tathmini ya mazingira na jamii, kama sheria ya mazingira ya mwaka 2011 inavyoagiza, wala lisingoje mfadhili afike ndipo liulize fomu iko wapi.

Ahadi kubwa nazo zitazamwe kwa jicho hilo hilo. Machi 2024 mkataba wa Sicomines na Wachina ulirekebishwa, na miundombinu ikaahidiwa dola bilioni 7, kiasi cha milioni 324 kwa mwaka, mradi bei ya shaba isishuke chini ya kiwango kilichokubaliwa. Kabla ya hapo, Februari 2023, wakaguzi wa fedha za serikali, IGF, walikuwa wameeleza kwamba katika dola bilioni 3 za ahadi ya kwanza, zilizotumika katika miundombinu ni milioni 822. Wabunge wetu wa taifa watuambie kusini mwa Maniema iko mstari gani katika orodha ya sasa. Kama haimo, waseme haimo.

Watatuambia kuhusu usalama. Ni kweli: Salamabila imeona bunduki nyingi, na tangu Bukavu ianguke mikononi mwa M23 Februari 2025, biashara ya upande ule imekuwa ya mashaka. Lakini hakuna Mai-Mai aliyezuia mkataba kubandikwa ukutani Kindu. Hakuna aliyemzuia chifu wa sekta kusoma hesabu ya mrabaha mbele ya watu wake, wala aliyemkataza gavana kuajiri wanasheria wawili wanaojua sheria ya zabuni na fedha za umma. Gharama ya wanasheria hao kwa mwaka haifiki bei ya gari moja la kifahari la wizara.

Kwa hiyo tunawaambia wabunge wa jimbo waliochaguliwa Kasongo na Kabambare. Kikao cha bajeti kijacho kikifunguliwa, msiinue mkono kupitisha hata faranga moja mpaka mmewekewa mezani hesabu ya kile jimbo linachoidai Kinshasa kwa ibara ya 175, taarifa ya mrabaha wa madini uliolipwa na usiolipwa tangu 2018, na mpango wa zabuni unaoitaja barabara hii kwa kilomita zake na madaraja yake. Serikali ya jimbo ikishindwa kuleta karatasi hizo, Katiba inawapa hoja ya kutokuwa na imani na gavana, nanyi mnajua kuitumia. Mmeona ikitumika kwa mambo madogo kuliko haya.