Nyumba ni kidogo, lakini ukuta ni mrefu

Mwezi huu tunajibu neno ambalo wamama wengi wanalisema: "Vitu vimejaa kila mahali, na nyumba ni kidogo. Nitaviweka wapi?"

Ni kweli, shida iko. Katika kambi za wachimbaji, jamaa ya watu sita ao saba inaweza kukaa katika chumba kimoja. Humo ndani kuna kitanda, nguo, sufuria, unga, mbegu za msimu ujao, daftari za watoto, sepetu ya baba, na bidoni ya petroli pembeni. Vyote vinalala chini, na watoto wanalala katikati yake.

Wengine wanafikiri kupanga nyumba ni mambo ya watu wenye franga, wenye kabati za kioo. Hapana. Kupanga nyumba ni kulinda chakula, ni kulinda mtoto, na ni kulinda karatasi ambazo ukizipoteza utazunguka ofisi miezi mingi. Hii inamuhusu masikini kuliko tajiri, kwani tajiri akiharibikiwa na gunia moja atanunua lingine.

Basi, mbele ya kupiga musumari hata mumoja, shika kila kitu cha nyumba na ukiulize maswali matatu:

1. Unyevu na panya wanaweza kukiharibu? Kama ndiyo, mahali pake ni JUU.
2. Kinaweza kuua ao kuumiza mtoto? Kama ndiyo, mahali pake ni NJE.
3. Tukikimbia usiku, tutakihitaji? Kama ndiyo, mahali pake ni KARIBU NA MLANGO.

Vitu vingine vyote vinaweza kungoja. Sasa tuone namna ya kutengeneza.

Kidaka katika ukuta

Nyumba zetu nyingi ni za matofali ya udongo. Ukuta wa namna hii, ao kibambazi kama tunavyosema, ni munene, na unene huo ni nafasi inayopotea bure. Watu wa pwani waliona jambo hili zamani. Kule Lamu, katika nyumba za mawe za karne ya 18, chumba cha ndani kilijaa vidaka, ndiyo matundu madogo ya ukutani yasiyotoboka upande wa pili, na ndani yake waliweka sahani za porselini. Sisi hapa Kasongo tunajua vizuri kwamba watu wa pwani walifika. Mji huu ulikuwa makao makubwa ya Tippu Tip miaka ya 1870 na 1880. Walileta vita na utumwa, na wazee wetu hawakusahau. Lakini fundi mwenye akili hakatai kujifunza ujenzi mzuri, hata ukitoka kwa nani.

Kama unajenga nyumba mupya, mwambie fundi aache nafasi ya sentimeta 40 kwa upana na 40 kwa urefu, mahali ambapo mukono wa mutu mukubwa unafika lakini wa mtoto haufiki. Juu ya nafasi hiyo aweke kipande cha mti mugumu, kinachopita kila upande sentimeta 20, ili kibebe matofali ya juu. Kwa nyuma abakize tofali zilizosimama. Ndani upake udongo laini, na juu yake udongo mweupe ao chokaa, ili giza lipungue na wadudu waonekane.

Angalisho: kama nyumba imekwisha kujengwa, usichimbe kidaka karibu na kona, ao karibu na dirisha na mlango. Na kama ukuta ni wa tofali moja jembamba, usichimbe kabisa. Utapata kidaka na kupoteza nyumba.

Kidaka kinafaa kwa dawa za kituo cha afya, chumvi, sabuni, taa na vitabu. Tundika mbele yake kipande cha kikwembe cha zamani, vumbi lisiingie.

Etajere ya kamba

Wewe mwenye ukuta wa miti na udongo, ao wa bâche, usisikitike. Kazi yako itabebwa na miti ya paa.

Kata mianzi minane ya sentimeta 80. Ipange pembeni-pembeni mpaka ifike upana wa sentimeta 30. Chini yake weka vijiti viwili vya kukingama na ufunge yote kwa kamba ya msitu ao ya nailoni. Sasa chukua kamba nne, funga kila pembe, na uitundike kwenye muti munene wa paa, juu ya kichwa cha mutu mukubwa. Iache mbali na ukuta kwa urefu wa mukono mumoja, sababu panya anaruka.

Panya anashuka pia kwa kamba. Chukua mikebe minne mitupu, toboa chini, na upitishe kila kamba katika mukebe, mdomo ukitazama chini. Panya akifika pale anateleza, anarudi. Hii haigharimu kitu, na inaokoa unga wa muhogo na daftari za watoto.

Kitanda nacho kina nafasi yake. Weka matofali mawili chini ya kila muguu, na utapata pahali pa masanduku na bidoni za chakula. Lakini hakikisha chandarua bado kinafika, na kinaingia chini ya godoro pande zote. Hatuwezi kupata nafasi ya sanduku na kumupa mbu mlango.

Sahani na sufuria zisirudi chini ya nyumba. Zitengenezee kichanja nje, kwenye jua, juu kuliko mbuzi na kuku. Jua linazikausha, na watoto wanapunguziwa kuhara.

Bidoni ya litre 20 ni ghala

Wengi wanaweka maharagi katika gunia chini, kisha baada ya miezi mitatu wanakuta unga na wadudu. Tumia bidoni ya njano ya litre 20, ile iliyokuwa na mafuta ya kula. Isiwe hata siku moja ilikuwa na petroli ao dawa ya shamba. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni, uigeuze mdomo chini, ikauke siku mbili. Inabeba karibu kilo 15 za maharagi. Mdomo ukiwa mwembamba, kata chupa ya plastiki uifanye mrija wa kumiminia.

Jaza mpaka shingoni, utikise, ujaze tena. Hewa isibaki. Weka kipande cha plastiki chini ya kifuniko na ufunge nguvu. Sasa usifungue kwa muda wa miezi miwili. Wadudu waliobaki ndani wanamaliza hewa yote, kisha wanakufa. Akili hii ndiyo ileile ya mifuko ya PICS, yenye tabaka tatu, ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walianza kuitafuta pamoja na watu wa Cameroun mwishoni mwa miaka ya 1980. Sisi tunaifanya kwa bidoni.

Lakini nafaka lazima ikauke sawasawa. Pima hivi: chukua chupa kavu, tia ndani mahindi kidogo na chumvi kavu, funga, utikise, ungoje dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Rudisha kwenye jua. Chumvi ikianguka chini yote, unaweza kuweka.

Usipuuze jambo hili, zaidi kwa mahindi na karanga. Mwaka wa 2004, huko Kenya upande wa mashariki, watu 317 waligonjwa na 125 wakafa, sababu walikula mahindi yaliyowekwa na unyevu yakapata ukungu wenye sumu. Sumu ile haiishi kwa kupika wala kwa kuosha. Karanga yenye ukungu ni ya kutupa, hata kama roho inauma.

Vitu ambavyo havilali ndani

Hapa tunaomba ababa wasome pia, kwani mara nyingi ni wao wanaovileta.

Petroli na mafuta ya taa. Petroli inatoa mvuke usioonekana, unatambaa chini mpaka kwenye makaa. Basi petroli ya pikipiki na ya pompi ya machimbo ipate kibanda chake kidogo nje, kivulini, kwenye kifuniko na kufuli, mbali na jiko. Mafuta ya taa usiyatie hata mara moja katika chupa ya Fanta ao ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi, anakunywa tu. Akiisha kunywa, usimutapishe, na usimunywesheye mafuta ya mawese ili atapike. Anaweza kuvuta ile sumu mapafuni. Mukimbize kituo cha afya.

Zebaki. Ni ile fedha ya maji inayokimbiakimbia, wachimbaji wa dhahabu wanaitumia kukamata mchanga wa dhahabu. Wengine wanaiweka chini ya kitanda, ao katika kikombe karibu na chumvi, na kuichoma kwenye jiko la mama. Ndugu, zebaki inageuka hewa hata bila moto, na kwenye moto ni zaidi sana. Hewa ile haina harufu. Inaingia mapafuni, inaharibu akili na mishipa, na kwa mama mwenye mimba inamufikia mtoto tumboni.

Dunia yote ilijifunza hili kwa machozi. Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, na ugonjwa wao ukatambuliwa mwaka wa 1956. Watoto walizaliwa vilema. Ndiyo sababu mapatano ya mataifa ya kupunguza zebaki, yaliyofanywa mwaka wa 2013 na kuanza kazi mwaka wa 2017, yaliitwa kwa jina la mji ule.

Dawa ya kweli ni kuacha kuitumia. Lakini kama bado iko mukononi mwako, isiingie nyumbani. Itie katika chupa nene ya plastiki yenye kifuniko kigumu, na maji kidogo juu yake, kisha chupa hiyo ndani ya chombo kingine, na ukifungie nje. Ikimwagika, usifagie, ufagio unaitawanya. Isukume kwa karatasi ngumu mbili mpaka ikusanyike. Na mtoto asipewe kuchezea hata tone moja, ijapokuwa inametameta.

Mfuko wa karatasi

Watu wa Kabambare na Kasongo wanajua kukimbia. Mara ngapi jamaa imeingia msituni usiku na sufuria mukononi, na karatasi zote zikabaki ndani ya nyumba!

Mama, shona mfuko wa kitambaa wenye kamba ya kuvaa begani. Ndani yake weka mfuko wa plastiki mugumu wa kufungwa. Tia humo shahada za kuzaliwa, karata za uchaguzi, karata ya mchimbaji, fishi za chanjo, buleti za shule na diplome. Utundike kwenye musumari nyuma ya mlango, juu. Kila mukubwa wa nyumba ajue mahali pake, hata gizani. Kopi zake ziweke kwa ndugu mwaminifu anayekaa mji mwingine.

Na kama mtoto hajaandikwa bado, usingoje. Tangu sheria ya mwaka 2016, wazazi wana siku 90 za kumuandikisha mtoto. Zikipita, njia ni ya tribinali, na njia ile ni ndefu na ya gharama.

Kazi ya vijana

Vijana wapendwa, na nyinyi munaokaa watatu-wanne katika chumba kimoja cha machimbo, hii ni kazi yenu ya Siku ya Posho. Kamba, mianzi, mikebe mitupu na bidoni moja, ndivyo vinatosha. Anzeni kwa nyumba ya mjane ao ya mzee asiye na mtu. Kwanza toeni petroli nje. Pili inueni chakula. Tatu tundikeni mfuko wa karatasi. Mapambo yatafuata.

Haba na haba hujaza kibaba. Musumari mumoja leo, mwingine kesho, na mtaona sakafu inaanza kuonekana, na watoto wanapata pahali pa kunyosha miguu. Tuandikieni mulivyofanya, tutawaambia wengine. Mubaki na amani.