Barakoa na Deni la Wakubwa

Katika jambo la barakoa shuleni wamekosa watu wa namna mbili. Wa kwanza wasema kitambaa usoni ni desturi ya wageni. Wa pili wasema kikiisha kuvaliwa, wajibu umekwisha.

Wa kwanza wajibiwe na lugha yao wenyewe. Neno barakoa lilikaa pwani hii zamani kabla ya Uviko-19; mabibi wa kifalme wa Unguja walivaa barakoa katika karne ya 19. Tena hewa ya darasa haiulizi mtu desturi yake. Shule zetu zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa zote Juni 29. Kenya ilipofungulia madarasa yote Januari 4, 2021, iliwataka wanafunzi wavae barakoa. Kwetu ubishi uliendelea. Ni kweli kwamba watoto wengi hawakuugua sana, lakini mtoto hurudi jioni kulala karibu na bibi yake, na maradhi aliyoyapata darasani huingia naye mlangoni.

Wa pili ni wagumu zaidi, maana huvaa joho la sheria. Agosti 2020 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri kwamba mtoto wa miaka 5 au chini yake asilazimishwe. Wa miaka 12 na zaidi avae kama mkubwa. Wa katikati ya umri huo kwanza itazamwe kadiri ya maambukizo, uwezo wake wa kuivaa salama, na kama yupo mkubwa wa kumwangalia. Lakini kwa mkulima wa Miono mwenye watoto wanne, ushauri huo mpana hufika umebaki neno moja: nunua!

Naye amenunua nini? Kiwango cha Serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa la msingi. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, watoto waliongezeka kuliko kuta. Watoto 90 wakibanwa katika chumba cha 45, kitambaa pekee chaelemewa.

Basi nasema hivi: maradhi ya hewa yakizuka, barakoa iwe sharti, lakini sharti limwanzie aliamuruye. Atoe maji, sabuni, madirisha yapitishayo hewa, na barakoa kwa asiyenayo. Kumfukuza mtoto darasani kwa kukosa kitambaa ni kumlipisha deni la wakubwa.