Wapangaji wa Rhiwlas



Juzi mtu mmoja wa skimu yetu alifika mezani pangu akilalamika. Alikodi ekari mbili kwa jirani, wakapatana kwa mdomo tu. Miaka mitatu alitia samadi, akachimba mitaro, akapanda majani ya ng'ombe. Shamba lilipopendeza, jirani akalitaka. Nilipomwuliza kama waliandikiana, akacheka: “Bwana karani, wewe wapenda karatasi kwa kuwa ndiyo kazi yako. Yule ni mtu mwema.”

Basi nitamjibu kwa habari za mbali. Wengi wetu tumekaa katika mashamba yaliyokuwa ya walowezi, nasi twadhani kwamba huko kwao kila mzungu alikuwa na shamba lake. Sivyo.

Katika nchi ya Wales, karibu na mji mdogo wa Bala, liko shamba la Rhiwlas, la ukoo wa Price, ukoo wa zamani sana. Ni nchi ya milima, ya kondoo na ng'ombe. Waliolima sehemu kubwa ya ardhi hiyo walikuwa wapangaji, na katika karne ya 19 wengi wao walipanga kwa mwaka mmoja mmoja. Mpangaji aliyejenga zizi au kukausha bonde la maji hakuwa na sheria ya kumrudishia gharama yake akiambiwa ahame. Na tena wapangaji walinung'unika kwamba shamba likitengenezwa vizuri, kodi hupanda. Mtu aadhibiwa kwa bidii yake!

Mwaka 1859 kulikuwa na uchaguzi wa Bunge. Siku hizo kura haikuwa siri. Mtu alimtaja amtakaye mbele ya watu wote, na wakili wa mwenye shamba akisikia. Wenye mashamba makubwa walimtaka W. W. E. Wynne, naye akashinda. Baadaye baadhi ya wapangaji ambao hawakumpa kura walifukuzwa, katika Rhiwlas na katika Wynnstay, shamba la jirani lililokuwa kubwa zaidi. Hata mama mjane wa Michael D. Jones, mkuu wa chuo cha dini cha Bala, alitolewa shambani pake, ingawa wanawake hawakuwa na kura. Mwanawe alikuwa upande mwingine, basi.

Lakini huwezi kusema ukoo ule ulikuwa wa watu wabaya tu. Mrithi wake, R. J. Lloyd Price, ndiye aliyefanya mashindano ya mbwa wa kuchunga kondoo huko Bala mwaka 1873, na wachungaji humkumbuka kwa hayo mpaka leo. Nami nasema hapo ndipo penye hatari. Wema wa mwenye shamba si mapatano. Mwenye shamba hufa, au hukasirika, au hupata mrithi asiyekujua.

Yaliyowasaidia wapangaji ni maandishi. Mwaka 1872 kura ikawa ya siri. Mwaka 1883 sheria ikasema mpangaji anayeondoka alipwe kwa matengenezo fulani aliyoyafanya. Na mtoto wa mpangaji wa Rhiwlas, T. E. Ellis, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1859, aliingia Bunge mwaka 1886 akaidai Serikali ichunguze mambo ya ardhi ya Wales. Tume ikaundwa mwaka 1893, ikawasikiliza wakulima wenyewe.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wapangaji wengi wa Wales walinunua mashamba yao, tena kwa mkopo, bei ikiwa juu. Mwaka 1921 Serikali ikaondoa ahadi ya bei za nafaka, mazao yakashuka, deni likabaki pale pale. Wenye deni la skimu hawahitaji nieleze zaidi.

Yule rafiki yangu nimemwambia arudi Jumatatu pamoja na jirani yake na mashahidi wawili. Kalamu ninayo.